Mwenye Njia ya Saa Sita

Kabla hujasema bibi huyu amezeeka na akili zimeanza kumtoka, nisikilize mpaka mwisho. Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa, nikalee wadogo zangu. Sijui kutunga maneno. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, jua likiwa utosini, nikiwa nimekunywa chai na kula mkate, sina homa wala usingizi. Na kama huniamini mimi, kulikuwa na ukuta. Ukuta hauna sababu ya kusema uongo.

Ilikuwa Durban, upande wa Cato Manor, mwaka ule watu walipokuwa wanaogopa elfu mbili inakuja, eti mashine zitazimika na dunia itakwisha. Sisi tuliotoka Uvira hatukuogopa sana. Dunia yetu ilishakwisha mara moja, na kesho yake tukaona bado mtu anatakiwa apike.

Nilikuwa na binti yangu Furaha, aliyekuwa akisuka watu nywele saluni mjini, na mtoto wake Neema, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Baba yake Neema alibaki njiani. Hapo sielezi zaidi, nimeshamweleza Mungu.

Tulipanga kwa bibi mmoja Mhindi, Mtamili, tukimwita Aya kama wajukuu zake walivyomwita, maana kwao ndiyo bibi. Aya alikuwa mfupi, mkavu, sari yake kaikaza kiunoni kama mtu anayetaka kupigana. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, na wangu unajulikana. Tulielewana kwa Kizulu cha kuokoteza. Yeye alikipata shambani utotoni, mimi nilikipata stendi ya teksi nikiuza mandazi. Aliniita Gogo, bibi kwa Kizulu, ingawa umri wetu ulikuwa mmoja.

"Wewe Gogo," atasema asubuhi akiona moshi, "unakaanga mandazi au unachoma nyumba yangu?"

"Nachoma nyumba, Aya. Ukiacha kunisumbua nitamaliza mapema."

Ndivyo tulivyokuwa tukiamkiana.

Uwanja wake ulishuka mpaka kwenye kijito. Chini kabisa palikuwa na mti unaofanana na mwarobaini, na wao wanautumia hivyohivyo kama mwarobaini. Chini ya mti huo lilisimama jiwe, refu kama mbuzi, limepakwa manjano, lina alama nyekundu kwenye paji, na pembeni yake mkuki wa chuma wenye meno matatu umechomekwa ardhini. Mara moja kwa mwaka wanaume wa ukoo walikuja, wakachinja jogoo pale, wakamwaga pombe kali, wakawasha sigara moja nene ya kahawia na kuiweka mdomoni mwa jiwe. Nyama ile ililiwa palepale na kumalizwa palepale. Hata mfupa haukupanda kwenda jikoni.

Mara ya kwanza kuona vile nilimwambia Furaha, "Mwanangu, tumepanga kwa mchawi."

Nikaenda kumwuliza mwenyewe, maana mimi sina tabia ya kunong'ona. Aya akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ni Muniswaran," akasema. "Mlinzi. Si mungu wa hekalu kubwa, wa kukaa ndani anapambwa maua. Huyu anakaa nje. Anakula nyama, anavuta, anakunywa, kama mlinzi yeyote wa usiku. Ana farasi mweupe na panga. Anazunguka mpaka."

"Anazunguka saa ngapi?"

"Usiku wa manane. Halafu mchana jua likisimama, saa ile mtu hana kivuli. Watu wanadhani hatari ni ya usiku tu. Yeye hadhani hivyo."

"Na mshahara wake?"

"Sigara, Gogo. Na heshima. Heshima ndiyo anayocheleweshewa siku hizi."

Nikamwuliza alifikaje huku. Akaniambia babu za mumewe waliletwa kwa meli kukata miwa, waliwekeshwa kidole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. "Yeye hakuweka kidole popote," akasema Aya. "Hakuna aliyemwita. Alikuja kwa sababu watu wake wamekuja." Na serikali ile ya zamani ilipowafukuza Wahindi Cato Manor, nyumba zikavunjwa kilima kizima, watu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa Chatsworth. Jiwe lilibaki. Walipopata kurudi, miaka mingi baadaye, walikuta magugu yamefika kifuani, lakini kuzunguka jiwe na kupanda juu kuelekea barabarani palikuwa na njia nyembamba, imekanyagwa, haina jani. Nani alikuwa anaikanyaga? Hapakuwa na mtu anayeishi pale.

Maneno yale yaliniingia. Mimi ni mtu wa kanisa, sijawahi kumwinamia mwingine na sitamwinamia. Lakini mlinzi asiyetoroka zamu hata wenye nyumba walipofukuzwa, huyo hata Mkristo anaweza kumvulia kofia. Sisi tulikotoka, walinzi ndio waliokuwa wa kwanza kukimbia.

Sasa sikia kosa lilivyofanyika.

Mwana wa Aya, Siva, alikuwa fundi wa kujenga. Mtu mwema, mcheshi, mkono wake mzuri. Chumba chetu cha zamani kilikuwa kinavuja, na Siva akasema atatujengea kipya cha matofali ya saruji pale chini ya uwanja, kizuri, chenye dirisha. Aya wakati huo alikuwa Chatsworth kwa binti yake aliyejifungua. Siva akachimba msingi, akapandisha kuta, akaezeka bati. Tukahamia kwa furaha, kitanda cha Neema tukakiweka kwenye ukuta wa nyuma, upande wa mti, palipo na ubaridi mzuri.

Aya aliporudi alishuka uwanjani, mfuko bado mkononi. Akasimama.

"Siva," akasema, "umejenga barabarani."

"Barabara gani, Ma? Hapa hata toroli halipiti."

"Unajua barabara gani."

"Ma, huyo mzee ana farasi. Si azunguke tu pembeni?" Siva akacheka, na mimi, mtu mzima, nikacheka pia. Aya hakucheka.

Haikuchukua muda. Kwanza ukuta wa nyuma ulipasuka, ufa wa kwenda mshazari kama mshipa wa mkono. Siva akaukandika. Ukapasuka palepale. Akaukandika tena akisema eish, udongo wa hapa ni wa mfinyanzi, unacheza. Nikamwamini, fundi ni yeye. Halafu sufuria zikaanza kulia zenyewe rafuni, mchana, saa sita ikigonga. Halafu ikaja harufu ya tumbaku. Siva havuti. Furaha havuti. Mimi je, navuta?

Halafu akaja mtoto.

Neema alikuwa anacheza sakafuni na vifuniko vya chupa. Saa sita ilipofika akanyooka. Sisemi alianguka, nasema alinyooka, kama mti uliolazwa, macho wazi, haoni, mikono imebana mbavuni, pumzi ndogo kama ya kifaranga. Nikamwita, nikampiga mashavu, nikamwagia maji. Baadaye kidogo akalegea, akalala, akaamka jioni amechoka kama aliyebeba mizigo. Kesho yake saa ileile tena. Na kesho kutwa.

Tulimpeleka kliniki. Wakampima, wakasema hana kitu. Tukampeleka hospitali kubwa, wakamtoa damu, wakampiga picha ya kichwa, wakasema hana kitu. Mchungaji wetu akaja na watu wake wakaomba mpaka sauti zikakauka, na walipokuwa wanasema amina, mtoto akanyooka mbele yao. Nikamhamishia jikoni kwa Aya saa za mchana, ikamkuta hukohuko. Furaha akamchukua saluni, akanyooka kwenye kiti cha wateja. Na kila siku alikuwa anapungua. Miguu ikawa vijiti. Akaacha kuomba chakula. Mtoto akiacha kuomba chakula, wewe uliyelea unajua maana yake.

Unielewe hapo. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kutoka Uvira. Tulivuka naye maji, tukavuka mipaka, tulilala naye kwenye mvua, na hakufa. Sasa alikuwa ananiishia mikononi ndani ya chumba chenye bati na kufuli. Nilikuwa sijui tena nikimbilie wapi. Chini ya Durban ni bahari tu.

Asubuhi moja Furaha alifungua mlango akapiga ukelele. Kizingitini kulikuwa na limau limekatwa katikati, limepakwa unga mwekundu, na sigara nene ya kahawia pembeni. Binti yangu hana subira, tabia hiyo kaichukua kwa baba yake. Aliokota vile vitu na kuvirusha kijitoni, akapanda kwa Aya na kanga ya kulalia.

"Kumbe ni wewe! Unamla mtoto wangu!"

"Nani anamla?" Aya akauliza, ungo wa dengu mapajani.

"Tumekuja hapa tunakimbia kufa, na wewe unatuwekea uchawi mlangoni! Mama, funga vitu, tunahama leo!"

"Hameni," akasema Aya. "Mtamhamisha mtoto. Mwendo wa mlinzi je? Alishakanyagwa, wewe msichana. Mwendo umo mwilini mwake, mtaenda nao hata mkienda Berea kwenye magorofa." Akaweka ungo chini, nikaona hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Ile sigara ilikuwa yake. Nilikuwa namwomba apunguze mwendo akifika mlangoni kwenu. Wewe umemtupia posho yake mtoni."

Furaha akakaa chini kwenye ngazi akaanza kulia. Mimi nikavuta kigoda.

"Aya, sema yote," nikamwambia. "Huyu mlinzi wenu ana ugomvi gani na mjukuu wangu?"

"Hana ugomvi, Gogo. Yeye hata hamjui mtoto. Mlinzi anatazama nje, mbali, anakotoka adui. Hatazami miguuni. Pale alipopita miaka yote pakiwa patupu, leo mmelaza kichwa cha mtoto. Farasi anapita."

"Basi tuvunje ukuta. Tumwachie mlango."

Siva alikuwa anapiga mswaki bombani, akasikia. "Anti, ule ukuta umebeba paa. Nikiuvunja bila mpango bati linawashukia vichwani. Na nitawaambia nini mafundi wenzangu? Kwamba nimeweka mlango wa farasi?"

"Siva!" mama yake akasema.

"Ma, nampenda mtoto kama nyinyi. Nionyeshe dawa nitainunua. Lakini sivunji ukuta kwa ajili ya harufu ya sigara."

Nikaona hapo hakuna wa kunisaidia ila mwenye njia mwenyewe. Nikamwuliza Aya, je, mtu anaweza kusema naye?

"Watu wetu wanajifunika uso anapopita. Wewe unataka kusema naye?"

"Mimi nimesema na wenye mapanga wengi, Aya. Kuanzia kwetu mpaka mpakani, kila kijiji kamba imefungwa njiani na vijana wenye panga wamekaa. Nilipita zote na mtoto mgongoni. Huyu wako ni kizuizi kingine tu."

Aya akafikiri, akasema, "Basi usilie. Hapendi kilio. Usipige magoti, mlinzi akiona mtu kapiga magoti anadhani ana kosa. Na usimdanganye."

Niamini, hayo ndiyo masharti ya kizuizi popote duniani. Niliyajua tayari.

Siku ile Aya aliingia chumbani akakaa na Neema kitandani. Furaha nilimtuma kazini kwa nguvu, maana angelia. Mimi nikachukua kigoda changu cha mandazi nikakiweka nje, nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mti. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Huendi kizuizini umevaa matambara, watakudharau.

Jua lilipanda. Kivuli changu kilijikunja chini ya kigoda mpaka kikaisha. Wale ndege wa Kihindi, wale wenye midomo ya njano wasionyamaza hata mvua ikinyesha, walinyamaza. Mbwa wa jirani alikuwa anabweka, akaacha katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Jasho langu lilikuwa linatiririka, halafu likapoa mgongoni.

Nikasikia kwato. Si mbali, si karibu, za haraka, juu ya ardhi ngumu. Na njuga ndogondogo. Na harufu ile ya tumbaku.

Alitoka nyuma ya mti kana kwamba mti ni mlango. Farasi alikuwa mweupe, mkubwa, hana hata tone la jasho kwenye joto lile. Aliyempanda alikuwa mtu mweusi, mweusi kuliko mimi, kilemba cheupe, masharubu mazito yamepinda juu mpaka karibu na macho. Macho yenyewe makubwa, yametazama mbali juu ya kichwa changu, kuelekea barabarani. Begani panga refu lililopinda ncha, kama lile la kukatia miwa. Unataka kuniuliza kama alikuwa na kivuli? Hakuwa nacho. Lakini saa ile hata mimi sikuwa nacho, kwa hiyo sitakudanganya kwa hilo.

Nataka nikwambie kitu kimoja ambacho sikutegemea. Alikuwa mzuri. Mimi nimeona wanaume wenye mapanga, na panga huwa linamharibu mtu uso, anakuwa kama mlevi. Huyu uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye kazini na anayeipenda kazi yake. Woga nilikuwa nao, sana. Lakini juu ya woga kulikuwa na heshima, nayo ndiyo iliyonisimamisha.

Nikasimama njiani.

Farasi akafika karibu kabisa, nikahisi pumzi yake kifuani, akasimama. Yule bwana akashusha macho. Polepole, kama mtu aliyesahau kuwa chini kuna ardhi.

Kizuizini askari anataka kujua wewe ni nani, unatoka wapi, umebeba nini. Huyu hakuuliza, mimi nikajibu. Kwa Kiswahili changu, maana kwa woga ule Kizulu chote kilikimbia.

"Shikamoo, mzee wa zamu," nikasema. "Mimi ni mama yake Furaha. Natoka Uvira, nimefukuzwa na vita. Sikubeba dhahabu, sikubeba bunduki. Nimebeba mtoto mmoja, nimemlaza ndani ya ukuta huu. Hatukujua kuwa hapa ni njia yako. Aliyejenga hakuuliza, na aliyelala hana kosa. Naomba utupishe. Ukikataa nitahama, lakini kwanza nirudishie mtoto, maana sikumleta kote huko aje afie kwa mtu anayelinda watu."

Nilimaliza. Sikulia.

Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashuka.

Ndugu yangu unayesoma, mimi nimepita vizuizi ambavyo sitavihesabu hapa, na hakuna mwanaume mmoja mwenye panga aliyeshuka kutoka alipokaa kwa sababu ya bibi. Huyu alishuka. Akachukua lile panga begani, akaliinamisha, akalilaza chini mbele yangu, makali yakitazama upande wake na mpini upande wangu. Akasimama mikono mitupu. Alikuwa mrefu, kilemba chake kilipita paa.

Kisha akaliokota, akaenda kwenye ukuta, akaweka ncha ya panga juu, akaishusha mpaka chini, taratibu, hakuna sauti. Akapiga hatua pembeni, akafanya vilevile tena. Akarudi kwa farasi, akamshika lijamu. Na kabla hajatembea alifanya jambo moja dogo. Zile njuga za shingoni mwa farasi alizikusanya zote kiganjani, akazifumba, zisilie.

Kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto.

Akaingia ukutani akimwongoza farasi wake kwa miguu. Nikabaki natazama matofali.

Nilizunguka mbio, nikaingia. Aya alikuwa kitandani, kajifunika sari kichwa kizima. Neema alikuwa amekaa. Amekaa! Saa sita, ameketi, macho yake yanaona, amekunja miguu.

"Koko," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "yule baba ameinua miguu ya farasi."

"Miguu gani, mama?"

"Ya farasi. Ameinua mmoja, akavusha juu yangu. Halafu mwingine. Halafu mwingine." Akajikuna goti. "Koko, dagaa zile za juzi zimebaki?"

Aya akafunua uso. Tulitazamana, mabibi wawili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na neno la kumchoma mwenzake. Mimi nikaenda kupika dagaa. Niliungua mkono na sikuhisi.

Jioni Siva aliporudi nilimpeleka nyuma ya nyumba bila kumweleza kitu. Ule ufa wa zamani wa mshazari haukuwepo tena, ukuta pale mzima kama haukuwahi kupasuka. Badala yake palikuwa na nyufa mbili mpya, zimenyooka toka juu hadi chini. Siva akatoa tepu yake, akapima. Akaning'iniza timazi yake ya kupimia wima, akatazama. Akapima tena. Akafuta uso kwa fulana.

"Nani amekata hivi?" akauliza. "Anti, hata mimi na mashine sinyooshi hivi."

"Unajua ni nani," Aya akamjibu, na safari hii hata Siva hakucheka.

Alifungua mlango pale, kati ya mistari ile miwili, akaweka boriti juu ya kubeba paa kama inavyotakiwa. Mlango mpana, mpana mno kwa chumba kidogo kile. Mafundi wenzake walipita wakamtania, "Siva, unafuga tembo?" Akawajibu, "Nafuga mlinzi." Kitanda tulikihamisha pembeni. Kila siku karibu na saa sita, ya mchana na ya usiku, nilifungua mlango wa nyuma na wa mbele, nikafagia katikati, hakuna kiti, hakuna ndoo, hakuna mtu wa kulala pale. Upepo mmoja ulipita. Harufu ilipita. Sufuria hazikulia tena.

Neema alinenepa mpaka akaanza kunikasirisha kwa kula.

Wezi walikuwa wengi siku zile. Waliingia nyumba ya juu, wakaingia ya pembeni, wakachukua mpaka nguo zilizoloweshwa. Kwa Aya hawakuingia. Sisi tulilala na madirisha wazi, watu waliozoea kulala na viatu miguuni.

Mchungaji alisikia, akaniita. "Mama, ni kweli unafungulia sanamu mlango?" Nikamwambia, "Baba Mchungaji, mimi simwabudu. Namsalimu. Nimewasalimu wenye mapanga wabaya kuliko huyo na kanisa halikuniuliza." Baadaye alikuja kunitembelea, na nilimwona anatazama saa yake, akainuka kwenye kile kiti cha katikati akahamia pembeni mwenyewe.

Aya alishatangulia. Wiki zake za mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, tunatukanana kwa sauti ndogo. Siku moja akaniambia, "Gogo, nani atampa sigara?" Nikamwambia Siva atampa. "Siva atasahau." Nikamwambia basi nitamkumbusha Siva. Nimekuwa nikimkumbusha tangu siku hiyo, na sioni aibu. Mlinzi akifanya kazi, alipwe.

Mwaka jana Neema, ambaye sasa ni mama, alipata nyumba nje ya mji. Lori limefika, vijana wameshika kitanda cha mtoto, wanataka kuingia. Nikawaambia wekeni chini. Nikachukua kigoda changu, nikakaa katikati ya chumba kitupu kusubiri saa sita. Vijana wananong'ona, Koko huyu ana nini? Neema akawaambia, "Mwacheni." Hakuwaeleza, yeye mwenyewe anakumbuka. Jua likasimama, kivuli kikaisha. Nikasikiliza. Ndege waliendelea kupiga kelele, mbwa akaendelea kubweka. Hakupita mtu.

"Leteni kitanda," nikasema.

Na wewe unayesoma, sikuombi uamini. Nakwambia tu: ukifika kwenye ardhi ya watu, na siku hizi sote tunafika kwenye ardhi ya watu, usianze kwa kuchimba msingi. Tafuta bibi mwenye pale, mwulize nani anapita hapa saa sita mchana. Akikwambia, usicheke kama tulivyocheka. Na ukishasikia kwato, usikimbie wala usipige magoti. Simama, jitaje, sema umebeba nini. Halafu toa kitanda cha mtoto njiani na ufungue mlango, maana farasi wake hasimami mara mbili.